Mgigante, Mtitani, Mkiklopi au jitu tu: umwite nani?

Mswada wa hadithi za Kigiriki kwa wanafunzi wa darasa la sita ulinifikia mezani ukiwa na sentensi hii: “Jitu Kronos aliwameza wanawe, lakini Zeus akaokoka, akayafungua majitu ya jicho moja na majitu ya mikono mia, wakayashinda majitu, na miaka ikapita hadi majitu yalipokuja kulipiza kisasi.”

Niliisoma mara tatu. Neno jitu limetajwa mara tano na limebebeshwa koo nne. Majitu yanayoshindwa ni Watitani, yaani Kronos na kaka zake. Yanayofunguliwa kifungoni ni Wakiklopi, mafundi wa radi, na ndugu zao Wenye Mikono Mia. Yanayokuja mwishoni ni Wagigante, na hao ndio wenye jina ambalo Kiingereza kiliwapa wote. Mtoto akisoma sentensi ile ataelewa kwamba majitu yalipigana na majitu, basi. Na kama Kronos ni jitu, Zeus ni mtoto wa jitu, na Hera dada yake ni jitu jike. Hapo hadithi imekwisha kuharibika kabla haijaanza.

Mwandishi hakufanya uvivu. Kamusi zetu zinasema giant ni jitu, na vitabu vya Kiingereza alivyovisoma vinatumia neno hilo moja kwa karibu kila mwenye nguvu asiye mungu wa Olympus. Kwa hiyo nimewaweka hapa ubavu kwa ubavu, mmoja baada ya mwingine, ili anayeandika, anayetafsiri au anayesimulia ajue wa kumwita jitu, wa kumwachia jina lake la Kigiriki, na wa kutomgusa kabisa na neno hilo.

Jitu limeumbwa kwa ukubwa

Tuanze na neno letu. Mtu ukimvua m- ukamvika ji- anakuwa jitu, kama nyumba inavyokuwa jumba na kisu jisu. Ukubwa umo ndani ya neno lenyewe, haungoji kivumishi. Ukiliongezea ki- ukapata kijitu, ukubwa wote unayeyuka. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia jitu huona kwanza kimo: pandikizi la mtu, mabega kama mlango, nyayo zinazotikisa ardhi.

Gigas, ambalo wingi wake ni gigantes, si neno la namna hiyo. Halina kiungo chochote ndani yake kinachosema “kubwa”. Wagiriki wenyewe walilisikia kama ndugu wa gegenes, “mzaliwa wa ardhi”, kutokana na ge, ardhi, na mzizi wa kuzaliwa. Katika tamthilia ya Sophocles juu ya kifo cha Herakles, shujaa huyo anaungua mwilini kwa sumu ya vazi alilopelekewa na mkewe, naye analia kwamba haya hayakuletwa na mkuki wa vita wala na jeshi la Wagigante wazaliwa wa ardhi, bali na mwanamke. Maneno hayo mawili, gigantes na gegenes, yanakaa pamoja kinywani mwake kama pacha.

Lakini sauti hazikubali. Ge ina irabu ndefu ya e, gigas ina i, na hakuna kanuni ya Kigiriki inayovuka kutoka moja kwenda nyingine. Mwisho wa neno, ule wa -ant-, unaonekana pia katika majina ya watu wa kale kama Abantes na Korybantes, na wanaisimu wengi wa leo wanaelekea kuamini kwamba gigas lilikuwa neno la wenyeji waliokuwako kabla ya Kigiriki kuingia nchini. Wagiriki walilirithi, wakaliona halifunguki, wakalifungua kwa ufunguo wao. Kwangu mimi, anayesimulia afuate ufunguo huo. Asili ya neno ni kazi ya mwanaisimu. Msimulizi anahitaji kujua wenyewe walisikia nini walipolitamka, nao walisikia udongo.

Ukubwa uliingia polepole, na hatua moja inaonekana wazi katika Biblia. Wayahudi wa Alexandria walioanza kutafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK walikutana na neno la Kiebrania nefilim katika Mwanzo 6:4, wakaandika gigantes. Wakalitumia tena kwenye Hesabu 13:33, pale wapelelezi wanaporudi wakisema kwamba mbele ya watu wale walijiona kama mapanzi. Panzi mbele ya mtu: hapo kimo kimepimwa. Biblia ya Kilatini ikachukua gigantes, Kifaransa kikalilainisha likawa géant, Kiingereza kikalipokea kwa Wafaransa. Biblia yetu ya Union ilifanya busara: ikaandika Wanefili, jina la watu, ikaacha jitu kando. Na mwaka 1960 wanasayansi wa vipimo walipohitaji kiambishi cha bilioni moja walilirudia neno lile lile la Kigiriki, likawa giga. Ukinunua bando la giga mbili leo, unataja kipande cha jina la watu wa vita walioibuka kwenye damu.

Wagigante: waliozaliwa na silaha mikononi

Damu hiyo ilikuwa ya Ouranos, Mbingu. Hesiod, mshairi wa yapata 700 KK, anasimulia kwamba Gaia, Ardhi, alimpa mwanawe Kronos mundu wenye meno, naye akamvizia baba yake usiku akamhasi. Matone yaliyodondoka Gaia aliyapokea yote, na miaka ilipozunguka akazaa makundi matatu: Erinyes, wale mabibi wa kisasi, Wagigante, na wasichana wa miti ambayo Wagiriki walichongea mipini ya mikuki. Kisasi, wapiganaji na mikuki, vyote kutoka jeraha moja.

Sasa tazama Hesiod anachokiona anapowatazama Wagigante. Anawaita wakubwa, neno moja tu, kisha macho yake yanahamia kwingine na kubaki huko: silaha zao zinang'aa, na mikononi wameshika mikuki mirefu. Hatoi kipimo. Hasemi vichwa vyao vilifika wapi. Anaona askari.

Homer, mshairi mwingine wa kale, naye anaona taifa. Katika Odysseia, utenzi wake wa safari ya Odysseus kurudi kwao, tunaambiwa Wagigante walikuwa na mfalme, Eurymedon, aliyewaangamiza watu wake wenye kiburi na mwenyewe akaangamia nao. Binti yake Periboia alizaa na Poseidon mtoto aliyeitwa Nausithoos, na mtoto huyo ndiye baba yake Alkinoos, mfalme anayempokea Odysseus kwa karamu na kumpa meli ya kurudi kwao. Kwa maneno mengine mwenyeji mkarimu kuliko wote katika utenzi ule ana damu ya Kigigante, na hakuna mgeni anayeingia kwake akashangaa kimo. Mahali pamoja tu Homer analegeza: watu wa Laistrygones wanapowarushia wageni mawe ya kumshinda mtu kuyabeba, anasema hawakufanana na wanadamu bali na Wagigante.

Hii ndiyo sababu nasema Mgigante na Wagigante, kwa m- na wa-, siyo gigante na magigante. Ngeli ya kwanza inawafanya kabila, na kabila ndiyo lugha ya Homer.

Wachongaji wa kale walikuwa na maoni hayo hayo. Huko Delphi watu wa kisiwa cha Siphnos walijenga hazina yao, yaani nyumba ya kuwekea sadaka, karibu mwaka 525 KK, na kwenye ukanda wa upande wa kaskazini wakachonga vita vya miungu na Wagigante. Ukitazama ukanda ule bila kuambiwa huwezi kujua nani ni nani kwa kimo. Wagigante wana kofia za vita zenye shungi, ngao za duara, mikuki, na wanasimama bega kwa bega kama askari wa miguu wa mji wowote wa Kigiriki. Wamelingana na miungu. Simba anayevuta gari la vita amemkamata mmoja wao kwa kucha na meno, na anayeumwa ni mwanamume wa kawaida mwenye vazi la chuma.

Miguu ya nyoka ilikuja baadaye, na ilipokuja ilishinda kila picha nyingine. Kilele chake ni madhabahu ya Pergamon, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo, iliyochongwa karne ya 2 KK. Mawe yake yalifukuliwa kuanzia 1878 na mhandisi Mjerumani Carl Humann yakapelekwa Berlin. Ukanda wake una kimo cha zaidi ya mita mbili na urefu wa zaidi ya mita mia. Humo nyoka wameota mahali pa miguu ya Wagigante wengi, wengine wana mabawa. Kipande ninachokirudia kila mara ni cha Athena. Amemshika Alkyoneus kwa nywele, anamvuta kichwa nyuma, nyoka wake mungu huyo amekwisha kumuuma kifuani. Chini, kwenye ukingo wa jiwe, Gaia ametoka ardhini nusu mwili, uso ameuinua, mkono ameunyosha, anamwombea mwanawe.

Anachoomba Gaia kinaeleweka ukijua masharti ya vita vile, na masharti yametunzwa vizuri katika kitabu cha visasili kinachoitwa cha Apollodorus. Kulikuwa na unabii: hakuna Mgigante atakayekufa kwa mkono wa miungu peke yao, ila wakisaidiwa na mwanadamu. Gaia aliposikia akatafuta dawa ya mitishamba ya kuwakinga wanawe hata na mwanadamu. Zeus akakataza Alfajiri, Jua na Mwezi wasitoe mwanga, akaenda gizani akalikata jani lile kabla Gaia hajalifikia, kisha akamtuma Athena amwite Herakles.

Alkyoneus alikuwa na kinga nyingine. Hakuweza kufa maadamu yuko kwenye udongo aliozaliwa. Herakles alimpiga mshale akaanguka, lakini alipogusa ardhi akapata nguvu upya, ndipo Athena akamshauri Herakles amburute nje ya mipaka ya Pallene, nchi aliyozaliwa, na huko akafa. Msomaji aliyekulia na Fumo Liongo atatambua ladha: shujaa haishindikani mpaka siri ya mwili wake ijulikane, huyu ardhi ya kwao, yule sindano ya shaba kitovuni. Na neno gegenes hapa si pambo. Udongo wa kwao ndio uhai wake.

Wengine walikufa kila mmoja kwa namna yake. Ephialtes alipigwa mshale jicho la kushoto na Apollo, la kulia na Herakles. Hekate alimuua Klytios kwa mienge, Hephaistos akamrushia Mimas chuma kilichoiva kwa moto. Poseidon alimfukuza Polybotes baharini, akavunja kipande cha kisiwa cha Kos akamtupia, na kipande hicho ndicho Nisyros, kisiwa ambacho kweli ni volkano. Enkelados alikuwa akikimbia Athena alipomtupia Sicily nzima. Hata leo tetemeko likitokea Ugiriki, magazeti ya huko huandika kwamba Enkelados amepiga.

Weka alama hapo: Wagigante wanakufa. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, alilisisitiza hilo kwa kumtaja Homer, akaongeza kwamba habari ya miguu ya nyoka ni upuuzi, na akatoa ushahidi wa jeneza la udongo lililofukuliwa kwenye mto Orontes huko Syria, lenye urefu wa zaidi ya dhiraa 11, na maiti ndani yake yenye umbo la mtu mwili mzima. Tayari katika zama zake ukubwa na ubinadamu wao vilikuwa jambo la kubishaniwa.

Watitani: miungu, hata wakiwa gerezani

Hawa ndio wanaochanganywa na Wagigante zaidi ya wote, na makosa ni ya kale. Kila mwaka wa nne, kwenye sikukuu kubwa ya Athena, watu wa Athens walimpelekea mungu wao vazi lililofumwa picha za vita vyake na Wagigante. Lakini katika tamthilia ya Euripides kuhusu Hekabe, wanawake mateka wa Troy wanajiuliza kama watafuma kwenye vazi lile kizazi cha Watitani. Ikiwa mshairi wa Athens kwenyewe aliwaunganisha, mtafsiri wa leo asijilaumu kupita kiasi. Lakini asifuate.

Watitani ni 12, wanaume sita na wanawake sita, watoto wa Ouranos na Gaia waliozaliwa kwa njia ya kawaida kabla ya jeraha. Kronos ndiye wa mwisho kati yao. Kwa hiyo kwa hesabu yetu ya ukoo Watitani wanaume waliobaki ni baba zake wakubwa Zeus, na Wagigante, waliotoka kwenye damu ya babu yake baada ya Kronos kushika mundu, ni baba zake wadogo. Nikiwaeleza watu hivi huwa hawasahau tena nani alitangulia.

Jina lao nalo lina maelezo ya Hesiod. Anasema Ouranos aliwaita hivyo kwa hasira, akicheza na kitenzi titaino, kujinyoosha au kujikakamua, kwa kuwa walijikakamua wakafanya jambo kubwa la ubaya, na pia neno tisis, malipo, yatakayowafuata. Ni jina la laana ya baba. Halina kimo ndani yake.

Vita vyao vilichukua miaka kumi, wao mlima Othrys, kina Zeus mlima Olympus. Waliposhindwa hawakuuawa, kwa sababu mungu hafi. Walifungwa Tartaros, shimo lililo chini kabisa ya dunia, na Hesiod anaupima umbali kwa kitu cha karakana: fuawe la shaba likidondoka kutoka mbinguni litaanguka siku tisa usiku na mchana, lifike duniani siku ya kumi, na kutoka duniani litaanguka siku nyingine tisa, lifike Tartaros siku ya kumi.

Tena si wote waliofungwa. Themis, mungu wa haki na ada, akawa mke wa Zeus. Mnemosyne, Kumbukumbu, ndiye mama wa Muse tisa, wale ambao kila mshairi wa Kigiriki huanza kwa kuwaita. Rheia ni mama yake Zeus mwenyewe. Kuandika “jitu Themis” ni kumtukana mwenye mizani. Kwa Mtitani neno jitu halina nafasi hata mara moja: mwite Mtitani, na ukihitaji kumfafanua, sema mungu wa kizazi cha kale.

Wanaastronomia wamewaweka pamoja angani, na matokeo yanapendeza. Mwezi wa Zohali uliogunduliwa na Christiaan Huygens mwaka 1655 unaitwa Titan. Miwili aliyoiona William Herschel mwaka 1789 inaitwa Mimas na Enceladus, majina ya Wagigante, na aliyependekeza majina hayo mwaka 1847 ni mwanawe, John Herschel, kwa kuwa Zohali ni Kronos na hao ni nduguze. Titan una kipenyo cha kilomita zaidi ya 5,000. Enceladus ni kama 500, Mimas kama 400. Wenye jina lililozaa “giga” ndio wadogo.

Wakiklopi na Wenye Mikono Mia, kwa ufupi

Wakiklopi wako wa aina mbili na lazima uchague kabla hujaandika. Wa Hesiod ni watatu, Brontes, Steropes na Arges, yaani Ngurumo, Kimweso na Mng'ao. Ni watoto wa Ouranos na Gaia, mafundi, na Zeus bila radi waliyomfulia hashindi. Kufanana kwao na Wagigante ni mama tu. Waandike Wakiklopi, au mafundi wa jicho moja.

Wa Homer ni wachungaji wasio na mabaraza wala sheria, na mashuhuri wao ni Polyphemos, mtoto wa Poseidon. Huyu ana vipimo: rungu lake ni refu kama mlingoti wa meli ya makasia 20, na jiwe analozibia pango magari 22 ya magurudumu manne yasingeling'oa. Anakula watu wawili kwa mlo mmoja, na zawadi anayomwahidi Odysseus kama mgeni ni kuliwa mwisho baada ya wenzake. Kwa Kiswahili kiumbe huyo ana jina tangu bibi zetu: ni zimwi. Jitu linaeleza kimo chake tu, zimwi linaeleza kimo na ulaji. Mimi siku zote nitachagua zimwi la jicho moja, na watoto huelewa kabla sijamaliza sentensi.

Wenye Mikono Mia ni Kottos, Briareos na Gyges, mikono 100 na vichwa 50 kila mmoja. Wao ndio waliomaliza vita vya Watitani kwa kurusha mawe 300 kwa mkupuo, kisha wakawekwa walinzi wa gereza. Jina lao linajieleza, litafsiri hivyo hivyo, usiongeze kitu.

Majitu ya kweli hayakuwa Wagigante

Hapa ndipo penye raha. Ukitafuta katika Homer mtu aliyepimwa kwa kamba, utawakuta vijana wawili, Otos na Ephialtes. (Huyu Ephialtes si yule aliyetobolewa macho. Jina ni moja, na vitabu vingi vimewachanganya.) Mama yao Iphimedeia, baba yao Poseidon, ingawa waliitwa wana wa Aloeus, mume wa mama yao. Walipofika miaka tisa walikuwa na upana wa dhiraa tisa na urefu wa pima tisa. Dhiraa tunaijua, ni kiwiko hadi ncha ya vidole; pima ni mikono miwili iliyotandazwa, ile ambayo mvuvi hupimia kina kwa kamba. Pima tisa ni zaidi ya mita 16, sawa na mnazi uliokomaa vizuri. Wakapanga kuupandisha mlima Ossa juu ya Olympus, na Pelion juu ya Ossa, wafike mbinguni, na Homer anasema wangeweza kama wangefika utu uzima. Apollo akawaua kabla ndevu hazijawaota kidevuni. Katika Ilias, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, tunasikia pia walimfunga Ares, mungu wa vita, ndani ya mtungi wa shaba kwa miezi 13.

Hao ni majitu kwa kila namna Kiswahili kinavyolielewa neno. Na hakuna mahali Homer anapowaita Wagigante. Damu yao si ya ardhi, hawakuzaliwa na silaha, hakuna unabii wa mwanadamu juu yao. Wana kimo tu, na hicho ndicho jitu linachodai.

Basi, unaandika nini?

Kama kazi yako ni tafsiri ya Hesiod, Homer au maandishi ya tamthilia, acha Mgigante na Mtitani yasimame kama majina ya kabila, weka maelezo mara moja yanapotokea kwanza, uendelee. Usiogope ugeni wa neno. Msomaji aliyezoea Wanefili na Wafilisti hatashindwa na Wagigante.

Kama unasimulia watoto kwa mdomo, majina matatu ya kigeni kwa pigo moja ni mengi. Hapo nashauri “Wazaliwa wa Ardhi” kwa Wagigante. Ni maana waliyoisikia Wagiriki wenyewe, na inakusaidia pale Alkyoneus anapoburutwa nje ya kwao, kwa sababu mtoto amekwisha kujua ni kwa nini udongo una nguvu.

Kama unafundisha na una picha ya Pergamon ukutani, waambie wanafunzi kwamba nyoka ni wa zama zile. Kisha waonyeshe ukanda wa Delphi, uwaache watafute wenyewe ni yupi Mgigante. Mjadala utakaotokea utafundisha kuliko tanbihi.

Jitu liweke kwa wana wa Aloeus na kwa Laistrygones. Zimwi kwa Polyphemos. Kwa Typhon, mwana wa mwisho wa Gaia mwenye vichwa 100 vya nyoka mabegani, chagua dubwana au joka. Watu husema jitu hapo pia, nami sioni wanachopata, kwani ji- ni ya mtu na Typhon hana utu wa kukuzwa.

Ikiwa bado unasita kati ya Mgigante na jitu, jiulize huyu alikufaje. Aliyefukiwa chini ya kisiwa baada ya mwanadamu kuitwa kusaidia, huyo ni Mgigante. Kimo kikiondolewa na hadithi ikabaki palepale, usimwite jitu. Kimo kikiondolewa na hadithi ikaanguka, kama ya vijana wawili na milima yao mitatu, hapo neno letu limepata mwenyewe.

Sentensi ya mswada tuliirekebisha mimi na mwandishi, ikawa hivi: “Kronos, mdogo wa Watitani, aliwameza wanawe, lakini Zeus akaokoka. Akawafungua Wakiklopi wakamfulia radi, akawafungua na Wenye Mikono Mia, na kwa msaada wao akawashinda baba yake na baba zake wakubwa. Lakini Ardhi alikuwa na watoto wengine, waliozaliwa na damu, mikuki ikiwa tayari mikononi.” Mwandishi aliongeza neno moja peke yake baada ya hapo, Wagigante, akaliweka mstari wa chini kama kichwa cha sura inayofuata.